Dakika Nne za Kukunja Mwavuli

Mwavuli wa kwanza niliokunja kwa mikono yangu ulinichukua saa moja na nusu, na bado haukuingia kwenye begi. Kitambaa kilikuwa kipya, kinateleza kama kambare, na kila nilipobana upande mmoja hewa ilihamia upande mwingine. Aliyekuwa ananifundisha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anatafuna muwa na kucheka.

"Ulalie," aliniambia. "Hiyo si sare ya shule. Lala kabisa, hewa itoke yenyewe."

Nikaulalia. Nikahisi ile hewa inatoka taratibu chini ya tumbo langu, kama mtu anayekata roho. Sikumwambia hivyo, maana angenicheka zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati ule nilikuwa nashona sare kwenye baraza la duka moja pale Bomani, mjini Tarime, lakini kwetu ni Gorong'a, na huyo aliyekuwa ananifundisha pia kwao ni Gorong'a. Baba zetu walichunga pamoja. Mama yake ndiye aliyemzalisha mama yangu siku niliyozaliwa. Yeye aliingia jeshini akawa askari wa miavuli, na alipotoka akapata kazi kwenye kambi ya Wazungu iliyokuwa imefunguliwa wilaya ya Serengeti, mbele kidogo ya Mugumu, nje ya hifadhi. Wageni walikuwa wanapandishwa kwenye ndege ndogo, wanafungwa kifuani pa mwalimu wa kuruka, kisha wanarushwa naye. Kazi ya huyu ndugu yangu ilikuwa kuruka pembeni yao akiwa na kamera kwenye kofia, ili mgeni arudi kwao na picha yake akipiga kelele angani. Kambi ilipotaka mtu wa kukunja miavuli, alinitaja mimi. Aliwaambia najua vitambaa.

Ukiona mwavuli ukishuka umefunguka vizuri, unadhani ni jambo la angani. Sivyo. Jambo lenyewe linafanyika chini, juu ya turubai, kwa magoti. Unanyoosha kamba zote kuanzia mabegani mpaka kwenye kitambaa uhakikishe hakuna iliyovuka mwenzake. Unafunga breki. Unautundika begani, unapanga mikunjo kulia na kushoto, unauviringisha, unaulalia, unausukuma ndani ya mfuko wake, unafunga kamba kwa mipira, ndipo unafunga begi. Na kuna mwavuli mdogo, mpana kama sinia, ambao mrukaji anautupa kwa mkono. Upepo unaukamata, nao unauvuta ule mkubwa utoke. Ule mdogo lazima uukoki. Ndivyo alivyosema, kwa neno la kijeshi, kama bunduki. Unavuta kamba yake ya ndani mpaka rangi ya kijani ionekane kwenye kidirisha kidogo. Usipoukoki, utatoka lakini hautajaa upepo. Utaning'inia tu nyuma ya mtu kama kitambaa cha jasho.

"Kijani," alikuwa akisema kila mara. "Bila kijani hakuna mtu."

Nilimuuliza jeshini walikuwa wanakunja kwa dakika ngapi. Akasema huko hakuna anayehesabu dakika. Kuna meza ndefu, na kila hatua anakuja mtu mwingine kukagua na kuweka sahihi. Siku yoyote mkubwa anaweza kukunyooshea kidole akasema, chukua ule uliokunja jana, panda nao ndege.

"Mbona huku hatufanyi hivyo?" nikamuuliza.

"Huku hakuna meza," akasema. "Huku kuna wageni."

Baada ya mwezi nilikuwa nakunja kwa dakika ishirini. Baadaye kumi na mbili, halafu nane. Walimu wale wa Kizungu walikuwa wanakunja ya kwao kwa dakika kumi, wakiwa na haraka saba, na walinisimulia kuwa kwao kuna watu wanashindana kwa hilo, umati unapiga makofi. Yeye akaanza kunishikia saa. Alikuwa akitua, anakusanya mwavuli mikononi, anakuja mbio mpaka kwenye banda langu, anautupa juu ya turubai na kubonyeza saa yake. "Twende!" Nami naanza. Sita. Siku moja tano na nusu. Wapishi walikuwa wanaacha sufuria waje kutazama. Mimi, niliyezoea kuinamia cherehani kutwa nzima hakuna anayeniangalia, nilipenda kutazamwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kasi ile haikuwa amri ya mtu. Niliipenda.

Siku yenyewe walikuwepo wageni wawili, mume na mke, walioondoka kwao wakiwa wameoana majuzi. Walikuwa waruke asubuhi, lakini upepo ulikataa. Ilipofika alasiri upepo ukatulia, ila mawingu yakaanza kujipanga upande wa ziwani, meusi chini. Rubani akasema kuna nafasi ya safari mbili tu kabla ya mvua: kwanza mume, halafu mke. Mwavuli wa pili wa ndugu yangu ulikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo ule aliorukia na mume ndio aliotakiwa arudie na mke, na ndege ilikuwa inasubiri huku pangaboi linazunguka.

Akaja mbio na mwavuli mikononi.

"Nipe nne," akasema.

"Nne haijawahi kutokea."

"Leo itatokea. Twende!"

Nilikunja. Magoti yangu yalijua njia, mikono yangu ilijua njia. Nilikuwa nimeushika ule mwavuli mdogo mkononi, nikitafuta kamba yake ya ndani niivute, pale aliposema, "Dakika tatu!" Nikauweka pembeni nifunge begi kwanza, nikijua nitaurudia. Sikuurudia. Niliusukuma mfukoni mwake kama ulivyokuwa, nikainua mikono juu, naye akabonyeza saa.

"Nne kasoro!" akapiga kelele. Akanigonga begani. "Wewe ni mura!" Mura kwetu ni kijana wa kiume, shupavu, na mimi ni mwanamke. Wapishi wakacheka. Akavaa begi huku anakimbia kwenye ndege. Alitakiwa akague kidirisha kile kabla ya kupanda. Sikumwona akikagua, na mimi sikumwita.

Waliruka. Tuliona mwavuli wa mwalimu na yule bibi harusi ukifunguka, mkubwa, wa rangi ya chungwa. Chini yake kulikuwa na nukta nyeusi, na hiyo nukta iliendelea kushuka. Mpishi mmoja alisema, "Huyu leo anachelewesha makusudi." Kisha kitu cheupe kikatoka. Ulikuwa mwavuli wa akiba, unaokunjwa na Mzungu mmoja mwenye cheti, ambao mimi sikuruhusiwa hata kuugusa. Ulitoka vizuri, ila ulikutana na ule mdogo uliokuwa unaning'inia nyuma yake, ukajisokota nao. Haukufunguka. Alipita nyuma ya shamba la mtama, na sauti ikatufikia baadaye kidogo.

Nilikimbia. Mkulima mwenye shamba ndiye aliyefika kwanza, na nilipofika alikuwa ameshavua koti lake na kumfunika uso. Akaniambia, "Mama, usisogee." Nikasogea. Mkono wa kushoto wa ndugu yangu ulikuwa nje ya koti, na saa ilikuwa bado inatembea.

Tulimzika Gorong'a, karibu na zizi la baba yake. Ana kaka watatu, mmoja wao mchimba dhahabu kule Nyangoto, na huyo alikuja na wenzake wachimbaji wakiwa wamejaa kwenye gari. Walikuwa wanasema Wazungu wamemuua ndugu yao kwa kamba mbovu. Wanaume walisimama vikundi vikundi na fimbo zao. Mimi nilikaa na wanawake, namenya ndizi. Kila aliyepita alinipa pole zaidi kuliko wengine, kwa kuwa nilikuwa nafanya naye kazi.

Wakaguzi wawili walikuja kambini wiki iliyofuata. Walitandaza mabaki yote juu ya turubai lile lile langu. Walikuwa wameshaona picha za kamera yake, maana kofia ilipasuka lakini kamera ilibaki. Mmoja akauinua ule mwavuli mdogo, akanionyesha kidirisha. Hakikuwa na kijani.

"Nani alikunja?"

"Mimi."

"Uliukoki?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Akaandika. Mwisho wa yote waliandika kwamba mwavuli mdogo haukukokiwa, na kwamba mrukaji ndiye mwenye wajibu wa mwisho wa kukagua vifaa vyake kabla ya kupanda ndege. Meneja wa kambi alinisomea kwa Kiswahili akidhani ananifariji. Marehemu ndiye aliyekuwa na kosa. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema, na mimi nilikuwa nimeisaidia kusema hivyo.

Nilivumilia wiki tatu. Kisha nikachukua bodaboda mpaka Gorong'a.

Mama yake alikuwa peke yake, ameanika mtama juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, anaugeuza kwa mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilijua utakuja, ulikuwa kama dada yake."

Nilishindwa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari ya mwavuli mdogo, ya kijani, ya mashindano yetu, na kwamba wakaguzi niliwadanganya. Hakunikatiza. Mguu wake uliacha kugeuza mtama.

"Ukikunja bila haraka," akauliza, "ni dakika ngapi?"

"Kumi, mama. Kumi zinatosha."

"Na wewe ulitumia ngapi?"

"Nne."

Kuku walikuja wakaanza kula mtama, wala hakuwafukuza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie. Mume wako, usimwambie. Baba yako, usimwambie. Wanangu wakisikia, watakuja kwenu na mapanga, na ndugu zako nao hawatakaa tu. Unatujua."

"Mama, nisamehe."

"Sijakusamehe," akasema. "Usinielewe vibaya. Sitaki tu kuzika tena. Nenda."

Nikaenda. Bodaboda alikuwa ananisubiri njiani, akaniuliza kama wenyeji wapo, nikasema wapo.

Kambi ilinirudisha kazini, wengine hawatanielewa hapo, lakini nilirudi. Nilijiambia mtu aliyekosea ndiye atakayekuwa mwangalifu kuliko wote. Siku ya kwanza nilikunja mwavuli mmoja kwa dakika arobaini. Niliukoki, nikaukagua, nikaufunga, kisha nikaufungua wote nianze upya kwa sababu sikuamini macho yangu. Mwalimu mmoja alisimama juu yangu na begi lake tupu, akisema kwa upole kwamba ndege inasubiri. Wa pili ulifika saa nzima. Mchana nilishindwa hata kuvalisha mpira kwenye kamba. Nikavua glovu za kukunjia, nikaziweka juu ya turubai, nikatembea mpaka barabarani. Msimu uliofuata kambi yenyewe ilifungwa, wakahamia nchi nyingine.

Nilirudi Bomani kwenye cherehani. Yule mama nilikuwa namwona siku za mnada, wakati mwingine kanisani. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Hakuacha hata mara moja kuitikia, na hakusimama hata mara moja. Watu walidhani huzuni imemfanya mzito. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini simtembelei mama wa watu, nikamjibu kuwa nikimwona naumia. Hilo halikuwa uongo.

Miaka minane nimekaa na siri yake na yangu. Sasa yule mama amefariki, na ninaandika nikijua wanawe watatu wapo, na kwamba wawili wanajua kusoma. Sijaamua bado nani atayaona maandishi haya. Siku nyingine naona ni heri waje. Siku nyingine naenda kuhakikisha mlango umekomewa.

Nilikwenda kumzika. Nilisonga ugali na wanawake tangu asubuhi, moshi ukanipa sababu ya macho mekundu. Jioni, watu walipoanza kupungua, yule kaka mchimbaji wa Nyangoto alinifuata pale nilipokuwa nasugua masufuria. Amezeeka, kifua chake kinapiga filimbi kwa vumbi la mashimo. Alikuwa na soda mbili, akanifungulia moja.

"Mama alikutaja," akasema.

Sufuria iliniponyoka.

"Siku zile za mwisho. Alisema tusije tukakosa kukupa chakula ukija. Akasema wewe na marehemu mlikuwa kitu kimoja." Akanywa. "Unajua mimi mpaka leo nawalaani wale Wazungu?"

"Najua," nikasema.

"Wangekuwa na haya, hata mmoja angekuja leo." Nikaokota sufuria. Kisha akanishika bega. "Asante kwa kuja, dada. Wewe umekuja."

Nilimwambia pole. Nikainua soda ile, nikainywa yote mbele yake, kwa kuwa alikuwa amesimama ananitazama.