Kifusi Alichomwaga Avit

Saa moja asubuhi, Izimbya. Umande haujakauka, na Avit Karugendo amepiga magoti kwenye kibanja cha watu, akiokota vipande vya vigae kwa mikono. Koleo lipo, limeegemezwa kwenye mgomba. Hataki kuligusa.

"Naogopa litachimba zaidi," anasema bila kuinua uso.

Avit, mwenye miaka hamsini na kitu, anaishi kwa kifusi. Nyumba ikikarabatiwa, mafundi husifiwa kwa rangi na vigae vipya. Matofali na plasta iliyobomolewa hakuna anayetaka kuviona. Hapo ndipo huitwa yeye na guta lake la magurudumu matatu. Kuanzia Bukoba hadi Muleba, wenye nyumba humwambia neno moja tu: toa. Kifusi kinapelekwa wapi, shauri yake. Na sisi wenye nyumba tusijifanye watakatifu, nani aliwahi kuuliza?

Nyumba hii ni ya Mama Vestina, mjane. Mwanawe Apolinary, anayefanya kazi Dar es Salaam, alitaka ikarabatiwe kabla ukoo haujarudi kwa Krismasi. Mama akapelekwa Rwamishenye kwa binti yake, asije akavuta vumbi. Kwa simu, Apolinary alimwambia Avit akimwage kifusi popote palipobonyea nyuma ya migomba.

Avit akapaona pamebonyea, pembeni ya mlamula, mmea ambao Wahaya huupanda mpakani. Akaamini ni shimo la zamani la kuvundikia ndizi za pombe ya rubisi. Akajaza, akasawazisha, akajisifu. Mlamula ulivunjika kwenye tripu ya kwanza.

Lakini mlamula hupandwa kaburini pia.

Mama Vestina aliporudi hakuangalia vigae. Alipitiliza moja kwa moja nyuma ya nyumba. Avit alikuwapo, akisubiri kupongezwa.

"Mwanangu umemfukia mara ya pili, kwa nini?" aliulizwa.

Aliyelala pale alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama Vestina, wa kike, aliyefariki kabla hajaanza kutembea. Kaburi halikujengewa saruji. Apolinary, aliyezaliwa baadaye, anasema alijua alikuwa na dada, ila hakuwahi kuuliza amelala wapi. Na yeye sauti yake kwenye simu ni ya mtu aliyefedheheka.

"Ningekuwa mgeni, mngesema hajui," anasema Avit. "Mimi nimezaliwa kibanjani. Babu yangu amelala karibu na mlango wetu, na mlamula upo. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Naona aibu, hata kanisani nakaa nyuma kabisa."

Hakugombezwa, na hilo ndilo linalomtesa. Amerudi bila kuitwa, na hakuna aliyemzuia.

Jua linapopanda, udongo mweusi unaanza kuonekana. Mama Vestina anatoka, anasimama karibu yake. Avit anavua kofia.

"Nisamehe, waitu," anasema, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Alikuwa anaitwa Joanitha," anajibu mama.

Tangu siku mama aliporudi, kabla ya kumwaga chochote, Avit huwauliza wenye nyumba wafu wao wamelala wapi. Wengine humcheka. Hajali. Anachotamani sasa ni kupanda mlamula mwingine hapa kwa mkono wake, na leo anajikaza na kumwomba mama ruhusa.

Mama Vestina anainama, anaokota kipande cha kigae kilichosalia kwenye ule udongo.

"Utapanda," anamwambia. "Lakini si leo. Leo bado nina hasira na wewe."