Mchaguzi wa Vifaranga wa Chaka

Jumanne, tarehe 8 Julai. Manyunyu na baridi tangu alfajiri. Katika kituo cha kutotolesha vifaranga pale Chaka, mwanamke anayewachagua hupulizia vidole pumzi kabla ya kumshika kila mmoja, kisha hulikunjua bawa kwa kidole gumba. Manyoya yakipishana urefu, ni wa kike. Yakilingana, ni jogoo. "Haya, enda huko, kajamaa," humwambia, na mkono tayari uko kwa mwingine.

Siku hiyo wateja waliagiza wa kike wengi kuliko waliokuwepo. Meneja, Munene, akamwinamia. "Mama, ongeza majogoo kidogo kwa boksi. Hawatajua."

"Leo hawatajua. Lakini hao watawika, Munene. Utaenda kuwanyamazisha boma kwa boma?"

"Basi kesho usikuje!"

Kazi nyingine hakuwa nayo. Hata hivyo alimaliza trei iliyokuwa mbele yake, ndipo akavua aproni. Kesho yake asubuhi alikuwa nje ya geti, ameketi juu ya ndoo, akiwasimamisha wanunuzi awakagulie maboksi, na kila jogoo aliyempata alimpitisha chini ya geti, arudi kwa Munene.