Mabasi ya Kandara Niliyoyadharau

Mimi nilienda Saudia kuendesha basi. Naanza na hilo kwa sababu watu hunicheka wakisikia nilikuwa dereva wa nyumbani, wa kupeleka watoto shule na madam saluni. Nilikuwa na leseni ya PSV, ya magari ya abiria, na miaka tisa ya kuendesha mabasi ya abiria sitini kati ya Nairobi na Kitale. Gari dogo sikulihesabu kuwa gari.

Kosa lilianzia ofisini kwa wakala. Alimpigia simu kafili wangu wa Jeddah, yaani mwajiri aliyenidhamini, akaweka spika nisikie. Mzee yule akasema maneno mawili tu: "Sawag, bas." Wakala, mtu wa tai fupi na uongo mrefu, akanigeukia. "Umeskia mwenyewe. Sawag ni driver. Hiyo ingine hata mtoto anaelewa."

Nikaelewa kama mtoto. Kumbe kwa Mwarabu bas ni "hivyo tu": dereva, na yameisha. Siku niliyofika nyumbani kwake mtaa wa Al-Rawdah, nilisimama uani mbele ya gari jeupe la familia, nikatazama huku na huku, nikamuuliza, "Baba, basi? Basi?" Akadhani nasema nimechoka, nataka kuacha, na begi langu hata sijalifungua. "Mafi bas," akajibu kwa hasira, akanitupia funguo. Yeye alimaanisha hakuna kuacha. Mimi nikasikia hakuna basi. Sote wawili tulikuwa sahihi, na kila mmoja alimwona mwenzake mpumbavu.

Ijumaa nilikuwa huru. Nilikuwa napanda basi kwenda Kandara, mtaa mwingine wa Jeddah, pamoja na Mkenya mwenzangu, askari wa geti la jirani, kusali na kula ugali katika chumba cha watu wetu. Nasema basi kwa kukosa neno. Vilikuwa vibasi vya zamani, rangi imebabuka, mlango umefungwa kwa waya. Havikuwa na saa wala kituo. Dereva alifunga breki katikati ya makutano kwa sababu mtu mmoja amekohoa kando ya barabara. Sheria ilikuwa kwamba kazi ile ni ya wenyeji, kwa hiyo vibabu vya Kisaudi viliendesha kwa kidole kimoja, na sisi tuliojua kazi tukakaa nyuma kama mizigo.

Babu mmoja alizoea kunikalisha karibu naye ili anipigie hadithi. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nilielewa kwamba baba yake alianza na lori lililopigiliwa mabenchi, akibeba mahujaji. Kisha vikaja vibasi vya Kijapani, kila mwenye kibasi akawa sultani wa njia yake. Baadaye kampuni kubwa ikaleta mabasi marefu yenye sehemu ya wanawake nyuma, ikachukua barabara pana na kuwaachia wazee vichochoro. Aliyasimulia hayo kwa fahari, anaona ni historia. Mimi niliona ni kutu tu, imerithiwa mara mbili.

Siku moja, mwisho wa njia, akashuka na kunionyesha usukani. Alitaka nikigeuze kibasi mle uwanjani, kwa raha tu. Nilikataa, nikamwambia askari kwa Kiswahili kwamba mimi siendeshi makopo.

"Bro, mchagua jembe si mkulima," akasema.

"Mimi nangoja jembe langu."

Jembe likaja mwaka wa tatu. Kampuni moja ya Riyadh ilikuwa inaongeza mabasi makubwa na ilitaka madereva wa kigeni wenye uzoefu. Kilichotakiwa ni majaribio na karatasi ya kafili ya kuniachilia. Wiki nzima nilijiandaa kumchukia mzee, maana nilijua atakataa. Akasoma, akatia saini, akasema Mungu anifungulie. Hata hiyo raha akaninyima.

Nilishukia Batha, mle Riyadh, asubuhi, nikaenda kwenye uwanja wa majaribio. Wenzangu kwenye foleni walikuwa wanashika vichwa na kunong'ona dua. Niliwadharau wote. Nilipokaa nyuma ya usukani ule mpana nilikaribia kulia, nasema kweli. Nikaondoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza ya kulia nikakunja pale pale ninapokunja kila asubuhi nikiingia kwenye geti la shule. Magurudumu ya nyuma yakapanda ukingo, yakalaza nguzo mbili za plastiki, abiria wa bandia akaanguka kutoka kitini.

"Halas," mkaguzi akasema, akanionyesha mlango.

Sikumwomba nirudie. Ningemwambia nini? Miaka mitatu nilijiita dereva wa basi, na mikono yangu ilikuwa imeshakuwa ya dereva wa madam bila kuniuliza.

Niliporudi Jeddah nilimwambia mzee kwamba nimeikataa kazi, kampuni yenyewe ya ovyo. Alifurahi sana. Akaichana ile karatasi mbele yangu, akaniita mwanawe, akanipa funguo, watoto walikuwa wanachelewa shule. Nikawapeleka. Kona zote nilizikunja vizuri kabisa.