Ahadi ya Rama ya Kutokata Rufaa

Mjukuu wangu, ipo siku moja ya baridi haijanitoka kichwani, siku niliyosimama mlangoni kwa Mzee Athumani, jirani yetu wa ghorofa ya juu kule Etobicoke, Kanada, mkono ukawa mzito kubisha hodi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, mama yako ndiyo kwanza anatambaa. Mdogo wangu Rama alikuwa jela kwa kumvunja taya huyo mzee. Waligombana chini, kwenye mashine za kufulia. Mzee alitoa nguo za Rama bado zinachuruzika maji, akaziweka sakafuni. Ngumi moja tu, mzee akanywa uji kwa mrija mpaka theluji ikayeyuka. Simsafishi Rama mimi. Alikuwa na hasira za kipumbavu.

Ila alikiri. Kabla ya siku ya hukumu, Rama akiwa bado nje kwa dhamana, tulikwenda ukoo mzima kumwomba mzee radhi, tumebeba sinia la pilau ambalo mwenyewe hakuweza kulitafuna. Mbele ya watu wazima Rama akasema, "Adhabu yoyote nitakayopewa naipokea. Sitakata rufaa." Wakapeana mikono, watu wakalia. Nami nikajivuna, nikasema huyu ndiye mwanamume wa kwetu.

Basi jaji akamshushia kifungo kirefu kuliko hata wakili alivyotazamia. Wakili akaniambia kwa urefu ule, na kwa kuwa Rama si raia, akitoka jela watamrudisha Tanzania, mke na mtoto wabaki huku. Rufaa ingeweza kukipunguza, lakini siku za kuikata zilikuwa zinakwisha. Nikamfuata Rama gerezani. Tunaongea kwa simu, kioo katikati.

"Nilishatoa neno, dada. Nikikata rufaa, mzee ataona radhi yangu ilikuwa maigizo."

"Na mkeo ataona nini?"

Akanikatia simu, akanipa mgongo.

Ndiyo nikajikuta pale mlangoni. Nilibisha, nikaingia, nikajieleza macho kwenye zulia. Mzee Athumani alinisikiliza, taya limekaa upande.

"Nani kakwambia nimeomba mtoto wa watu afukuzwe nchi?"

"Aliahidi, mzee."

"Aliahidi hajasikia kifungo. Mtu anakubali mzigo hajauona? Mimi nilimsamehe ngumi. Hayo mengine mmejitwika wenyewe, halafu mbaya niwe mimi. Leo wanaruhusu wageni?"

"Mpaka jioni."

"Ngoja nivae viatu."

Kule gerezani akashika simu kama anataka kukipiga nayo kioo. "Wewe bondia, mwambie wakili akate rufaa. Uliyenikosea ni mimi, na mimi nimeridhika. Usinitafutie dhambi ya kumtenganisha mkeo na wewe."

Rama alilia kama mtoto. Karatasi zilifika mahakamani muda umebaki kiduchu. Kifungo kikapunguzwa. Jela alikaa, tena alistahili, lakini alipotoka alirudi kwa mkewe.

Mwanangu, ukikosa, kiri, usimung'unye maneno. Lakini kukiri ulichofanya si kumpa mtu ruhusa akuhukumu bila kipimo. Haki ya kukata rufaa usiigawe kabla hujaisikia hukumu, wala usiitupe ili watu wakusifu. Muulize wakili. Na uliyemkosea usimsemee, nenda ukamsikie mwenyewe.

Mungu aitulize mikono yako isimwumize mtu. Na siku ukikuponyoka mmoja, akujalie watu wa kukwambia kweli mapema. Amina.