Mahindi Yasiyopandwa

Miaka ile ya vita, kuchunga mbali na Bunia ilikuwa kuwapelekea watu wa bunduki nyama inayotembea kwa miguu yake yenyewe. Kwa hiyo kondoo wangu walikula kando ya mji, na kando ya mji palibaki udongo na makopo. Kila jioni niliwahesabu mara mbili. Si kwamba wangeongezeka, lakini mtu wa biashara hakosi kutumaini.

Mvua ziliporudi nikaona shamba la mama mmoja, nyuma ya nyumba za mwisho. Mavuno yake yalikatizwa siku risasi zilipolia, na punje zilizomwagika zilikuwa zimejiotea kati ya mabua makavu, majani mororo yenye urefu wa kidole. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya tuta, peke yake, akiangalia chini.

"Mama, kondoo yangu ikule hapa, itakuachia mavi. Mwaka kesho utavuna sana."

"Weye unataka kuniuzia mavi?"

"Siuzi. Tunabadilishana."

"Peleka sokoni kwanza, uone kama iko na bei."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema kondoo wale shamba lote, bure, isipokuwa mstari mmoja. Nikaingiwa na wasiwasi, maana bure ndiyo bei kali kuliko zote. Nikautazama ule mstari. Miche mingine ilitapakaa ovyo, lakini ile ilikata matuta kimshazari, miwili hapa, mitatu pale, kama njia ya siafu, ikashuka mpaka kwenye kijito.

"Ile ni mutoto yangu," akasema.

Siku ile ya risasi walikuwa wakipukuchua kwenye kibanda, yeye na binti yake. Binti akabeba gunia mgongoni akakimbia. Gunia lilikuwa na tundu, na mama alikuwa amesema atalishona kesho.

"Miye nikakimbia upande ya mji. Nikajua iko nyuma yangu."

Hakuonekana tena. Mvua ndiyo iliyomwonyesha mama njia, lakini ng'ambo ya kijito majani yalifika kifuani, na jicho la mtu lisingeona mche wa hindi humo.

"Kondoo itaona," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa bei.

Nikabisha. Ng'ambo kulikuwa na watu wa bunduki, au hakukuwa nao; ungejua ukishafika. Nikamwambia aende yeye na kondoo, mimi nimngojee.

"Miye na kondoo? Wataniuliza nimeiba wapi. Weye uko muchungaji. Hata ukikufa, iko na sababu."

Asubuhi yake nikavuka. Jike mkubwa akainua pua, akaingia majanini, akainama. Mche. Mbele kidogo, mwingine. Hapo ndipo nilipoona kasoro ya mapatano yetu: kila walichokipata walikila. Njia ya yule binti iliishia matumboni mwao, na shahidi nikabaki mimi tu.

Kisha wote wakainama pamoja. Palikuwa na miche iliyosongamana, upana wa mkeka, kijani sana. Gunia zima lilikuwa limemwagwa pale. Nikapapasa kwa mikono kabla hawajamaliza, nikapapasa tena. Hakuna nguo, hakuna kiatu, hakuna gunia. Nilisikia meno yao tu. Mbele ya pale, hawakuinama tena.

"Gunia iko?" mama akauliza niliporudi.

"Haiko."

Akafikiri. "Mwizi angebeba mahindi. Basi alimwaga yeye mwenyewe, akimbie mbio, akabakisha gunia ya kujifunika mvua."

"Iko vile, mama."

Hesabu ilikuwa nzuri. Niliipiga tena njiani, nikikumbuka kwamba mwenye bunduki naye huhitaji gunia, la kubebea vitu vya watu. Sikurudi kumwambia.

Ule mstari wa shambani haukuguswa. Ulipanda, ukazaa, na mama akakataa kuuvuna. Mahindi yakakauka, yakaanguka, yakajiotea tena pande zote, hata msimu uliofuata hukuweza kusema njia ilielekea wapi. Yeye bado alikaa pale kwenye tuta. Kila nilipopita na kondoo aliniita.

"Gunia haikuwako?"

"Haikuwako, mama."

"Ulitafuta muzuri?"

"Nilitafuta muzuri."

Halafu ananiruhusu nipite, na kabla sijafika mbali ananiita tena.