Paka Aliyezaa Juu ya Ndizi za Rubisi

Simpendi paka, na sioni haya kusema.

Huyu wetu aliletwa ndani ya gunia na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kutoka Kyerwa mpaka hapa kwetu Nyabiyonza. Kila alipofika njia panda, shemeji alilizungusha gunia ili paka asikumbuke njia ya kurudi. Laiti asingelizungusha! Bwana mifugo alipokuja kuchanja mbuzi, alimtazama akasema paka hawa wa manyoya mafupi asili yao ni paka pori wa hukuhuku Afrika, waliofuata panya kwenye maghala ya watu wa kale, wakanogewa, wakabaki. Ati nijivunie. Nijivunie nini? Manyoya ya rangi ya majivu, michirizi myeusi, mkia uliopinda kwenye ncha, na macho ya kijani yanayokutazama kana kwamba wewe ndiye mpangaji wake.

Tabia sasa! Ukimwita haji. Usipomwita anakupandia mapajani na kucha zake. Panya anakamata, hilo namkubalia, lakini anakula mwili na kichwa anakiacha mlangoni. Nimewahi kukikanyaga asubuhi kwa mguu mtupu. Ptu!

Lakini la mwaka jana lilipita kiasi. Binti yetu alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa waje Jumamosi. Kwetu wakwe hupokewa kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mwenye nyumba ndiye huonja kwanza mbele ya macho yao ili waone haina sumu. Asipoonja, wageni huaga, na uchumba unaishia hapo hapo.

Mke wangu alikuwa amepanga ndizi kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni, ziive kwa joto. Alhamisi asubuhi tukapanda kuzishusha. Mungu wangu! Paka alikuwa amezaa humo. Watoto wanne, vipofu, wamelowa, wanajinyonganyonga juu ya ndizi mbivu, na ute wa uzazi na damu vimechuruzika mpaka vichane vya chini. Harufu yake siwezi kuieleza. Nilitoka mbio nikatapika kwenye shina la mgomba.

"Tupa zote," nilisema.

"Nitupe, halafu Jumamosi niwape nini?" mke wangu akanijibu. "Nimeshauliza kwa majirani wote, hakuna mwenye ndizi mbivu. Mbichi zitaiva kwa siku moja?"

"Tununue bia dukani."

"Wakwe wa watu uwapokee kwa chupa? Watasema binti ametoka kwenye nyumba isiyo na shamba. Ndizi ina ganda, baba watoto. Nitaziosha."

Akaziosha, akazimenya, akazimwaga na nyasi kwenye mtumbwi wa kukamulia. Aliyezikanyaga ni mimi, kwa miguu yangu hii. Kila povu lililopenya kati ya vidole niliona ni ule ute. Nilijichukia, nikamchukia mke wangu, na paka ndiye usiseme, maana alikaa pembeni akijilamba makalio huku akitutazama. Tulitia unga wa mtama, tukafunika kwa majani ya migomba, tukakubaliana mtu asijue, hata binti mwenyewe.

Jumamosi wakwe wakaja, watu sita, wamenyooka. Baada ya salamu binti yangu akapiga magoti mbele yangu na kibuyu. Anampenda yule kijana anayemposa, mimi najua. Tangu aposwe alikuwa akiimba hata akifua. Wageni wote wakanitazama mdomo.

Nikajikaza kisabuni, nikanywa. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Ikashuka, ikataka kurudi, nikaimeza mara ya pili pamoja na uchungu wa nyongo, nikatabasamu.

Baba mkubwa wa kijana akapokea, akavuta kwa mrija mpaka kibuyu kikakoroma. Akafuta midomo.

"Ee, mkwe! Nyumba hii ina watu wenye mikono. Tuongezeeni, kisha tuzungumze habari ya harusi."

Binti yangu alicheka, machozi yakamlengalenga, akakimbilia jikoni. Akarudi na kibuyu kingine kimejaa mpaka shingoni, akapiga magoti tena mbele yangu, kwa sababu kwetu kila kibuyu kipya huanza kwa mwenye nyumba.

"Karibu, baba," akasema.

Nikakipokea kwa mikono miwili.