Nilivyomwandika baba mkwe kwenye carnet: faida za kupitia polisi wa jeshi

Wakuu, salaam. Kwa umri wangu ninyi ndio wa kuniamkia, ila mwenye uzi ndiye hubisha hodi. Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa.

Naona vijana mnauliza kama kupitia MP jeshini kunasaidia kupata kazi ya polisi mjini.

Kunasaidia. Mimi kulinisaidia kupita kiasi.

Ni miaka ya hamsini, Lubumbashi ikiitwa Élisabethville. Jeshini kazi yetu ilikuwa kuwakamata askari wenzetu. Tulifundishwa vitu viwili: karatasi ya ruhusa na vifungo. Askari akionekana mjini koti wazi unamwandika kwenye carnet, kile kijitabu cha makosa, hata awe kaka yako.

Nilipomaliza, polisi ya mji ikanichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja.

Sasa kulikuwa na Rosalie. Baba yake, fundi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini, alishasema binti yake haendi kwa mtu asiye na kazi ya kueleweka. Nikipita mwezi, naoa.

Jumapili ya mwisho ya majaribio nikapangiwa zamu kwenye ngoma ya mbeni, kule cité, mitaa ya Waafrika. Kwa wasioijua: watu wa kazi wanacheza kwa gwaride, na uniform zao na vyeo vyao. Ruhusa ya ngoma walikuwa nayo.

Général wao alikuwa nani? Baba Rosalie. Koti kuukuu la khaki, medali tatu zilizokatwa kwenye kopo la maziwa. Jua kali, amecheza, amefungua vifungo viwili.

Wakuu, nilimjua vizuri kabisa. Ila mkono ulishatoa carnet.

Nikamwomba karatasi ya cheo cha Général. Hana. Nikaandika: vifungo viwili, medali tatu za kopo. Ngoma ikanyamaza. Akasema polepole:

"Mutoto, leo asubui umetuma bantu kwangu juu ya Rosalie. Na sasa unaniandika mu carnet?"

Nikasimama wima.

"Baba, règlement haiyue baba-mukwe."

Yaani sheria haimjui baba mkwe. Nilijiona mwanaume kweli. Mjinga mimi.

Commissaire, mkuu wetu wa polisi, mzungu, aliisoma ile carnet akacheka mpaka akafuta macho. Kosa halikuwepo, raia anavaa anachotaka. Ila akasema policier wa kumwandika baba mkwe wake hapatikani kirahisi, akanithibitisha kazini palepale.

Jumatatu nikarudishiwa blanketi walilopeleka watu wangu kwa posa, limekunjwa vizuri. Iliniuma, na bado inauma.

Funzo: jeshi litakufundisha kukiona kifungo. Kumwona aliyevaa koti jifunze mwenyewe, tena mapema. Waliopitia MP semeni yenu, na wa kunicheka wanicheke.

Ah, mtauliza Rosalie. Aliolewa mwaka uliofuata na mpiga ngoma wa mbeni. Watu walikuwa wengi, ikabidi polisi asimame mlangoni mwa kanisa, na zamu ilikuwa yangu. Mzee alipopita na binti yake mkononi, nikampigia saluti.

Akaijibu.